Malalamiko Hupelekwa Wapi: Uchambuzi wa Vyombo vya Kumsikiliza Mlaji na Mwananchi Tanzania

Nchini Tanzania ofisi za kupokea malalamiko si haba. Taasisi za umma zina madawati ya malalamiko, sekta kubwa za huduma zina wadhibiti wake, na zaidi ya hizo zipo tume zilizotajwa na Katiba, mabaraza, bodi za rufani na mahakama. Hata hivyo, malalamiko mengi ya haki hufia njiani, si kwa sababu mlalamikaji hana hoja, bali kwa sababu aliipeleka hoja yake kwenye chombo ambacho sheria haikukipa uwezo wa kumsaidia, na alipoelekezwa kwingine muda wa kisheria ulikuwa umekwisha. Anayezungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine huishia kuamini kwamba hakuna anayejali, hali ambayo wakati mwingine si kweli, kwa kuwa aliyepaswa kujali hakuwahi kuliona jalada lake.

Uchambuzi huu unajengwa juu ya hoja moja, kwamba chombo sahihi hakitambuliwi kwa umaarufu wake wala kwa ukaribu wake na makazi ya mlalamikaji, bali kwa majibu ya maswali matatu: ni nani mwenye mamlaka juu ya anayelalamikiwa, ni sheria gani iliyovunjwa, na mlalamikaji anataka apewe nafuu gani. Nafuu, katika maana ya kisheria, ni kile ambacho chombo kinaweza kuamuru kwa faida ya mlalamikaji, kama vile kurudishiwa fedha, kulipwa fidia, kufutwa kwa uamuzi, kurejeshwa kazini au kuadhibiwa kwa mtumishi aliyekosa. Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali mara nyingi ndilo linaloamua njia ya kufuata.

Aina nne za mamlaka

Vyombo vinavyopokea malalamiko vinaweza kugawanywa katika makundi manne kwa kuzingatia kile ambacho kila kimoja kinaruhusiwa kufanya baada ya kusikiliza. Kundi la kwanza ni la wadhibiti, yaani taasisi zinazotoa leseni, kuidhinisha bei au nauli na kusimamia ubora wa huduma katika sekta fulani, ambazo zinaweza kumwamuru mwenye leseni arekebishe kosa lake kwa sababu bila leseni hiyo hawezi kuendelea na biashara. Kundi la pili ni la wachunguzi, ambao wana uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, kisha wakatoa mapendekezo au wakalifikisha suala mahakamani. Kundi la tatu ni la mabaraza, bodi na tume zenye kazi ya uamuzi, ambazo hukumu zake huzifunga pande zote hadi zitakapobatilishwa kwa rufaa au mapitio. Kundi la nne ni la vyombo vya ushauri na utetezi, ambavyo huwasemea watumiaji wa huduma kwa ujumla wao, huwaelimisha na kuwaelekeza, lakini haviamui shauri la mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Kuchanganya makundi haya ni chanzo kikubwa cha kupotea. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, inaweza kusikiliza shauri la mteja dhidi ya shirika la umeme na kutoa uamuzi. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo jina lake linafanana sana na la mamlaka hiyo, lina kazi ya kupeleka maoni ya watumiaji, hasa pale mapendekezo ya bei mpya yanapojadiliwa, na kumshauri mteja namna ya kulalamika. Vilevile, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, inaweza kumfikisha mahakamani ofisa aliyepokea rushwa ili kiwanja kimoja kipewe watu wawili, lakini haina uwezo wa kutamka nani kati yao ni mmiliki halali. Anayetaka mhalifu aadhibiwe na anayetaka kiwanja chake wana njia mbili tofauti, hata kama ni mtu yule yule na tukio ni lile lile.

Hatua ya kwanza: anayelalamikiwa mwenyewe

Kanuni inayokubalika karibu katika sekta zote ni kwamba mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma, na chombo cha juu kiingie pale tu ambapo mtoa huduma amekataa, amekaa kimya au ametoa jibu lisiloridhisha. Wengi huiona kanuni hii kama mbinu ya kuwachosha, lakini ina sababu mbili za msingi. Kwanza, makosa mengi, kama vile tokeni ya umeme wa LUKU isiyoingia, ankara ya maji iliyokadiriwa bila mita kusomwa au muamala uliokwama, yanaweza kurekebishwa na mtoa huduma bila mabishano. Pili, jibu la mtoa huduma, au ukimya wake, ndilo linalouumba mgogoro wenyewe, kwa maana kwamba kabla ya jibu hilo chombo cha juu hakina uamuzi wa kupitia upya.

Kwa hiyo hatua hii inapaswa kuchukuliwa kama mwanzo wa kutengeneza ushahidi. Lalamiko la mdomo kaunta halimsaidii mtu baadaye, wakati barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ujumbe wenye namba ya kumbukumbu ya lalamiko, risiti ya mashine ya kielektroniki na picha ya muamala ni vielelezo vinavyoweza kuwekwa mezani popote. Katika taasisi za umma kipo pia Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ambao ni hati inayotaja huduma zinazotolewa, muda wa kuzitoa na namna ya kulalamika pale ahadi inapovunjwa. Mlalamikaji anayenukuu kifungu cha mkataba huo anakuwa ameliondoa lalamiko lake katika ngazi ya manung'uniko na kulifanya dai lenye kipimo. Pale ambapo nyaraka zimefichwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inayoombwa inapaswa kujibu ndani ya siku 30.

Huduma zenye mdhibiti

Baada ya mtoa huduma kushindwa, swali la kwanza katika masuala ya ulaji ni kama huduma husika ina mdhibiti wa kisekta. Umeme, mafuta, gesi na maji ya mijini yako chini ya EWURA. Simu, intaneti, utangazaji na posta viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Mabasi, daladala na reli viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA, mdhibiti wa awali wa usafiri wa nchi kavu na majini, kwa sheria ya 2019, huku usafiri wa majini ukiwa chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Na safari za ndege ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika sekta hizi utaratibu wa kawaida ni mdhibiti kujaribu kwanza kuzipatanisha pande mbili, kisha kuamua ikiwa upatanisho umeshindikana, na asiyeridhika kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, ambalo liliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Mipaka kati ya sekta hizi haionekani waziwazi kwa mtumiaji. Mfano mzuri ni maji. Mkazi wa mjini anayehudumiwa na mamlaka ya maji hufika EWURA, lakini mkazi wa kijijini anayehudumiwa na chombo cha watumiaji maji ngazi ya jamii yuko katika eneo la Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Bomba linaweza kuwa la aina moja na bili ikafanana, lakini njia ya lalamiko hubadilika kwa kufuata aliyesajiliwa kutoa huduma. Hali kama hiyo ipo katika usafiri, ambako leseni za bodaboda na bajaji hutolewa na halmashauri kwa niaba ya LATRA, hivyo ofisi ya kwanza ya kufuatwa inaweza kuwa ya halmashauri. Ajali ya basi nayo huligawa tukio moja katika njia tatu, kwa kuwa kosa la dereva ni la polisi wa usalama barabarani, masharti ya leseni ya basi ni ya LATRA, na fidia ya aliyejeruhiwa hudaiwa kwa kampuni ya bima, ambayo ikikataa hufikishwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009.

Bidhaa: kosa moja, sheria kadhaa

Katika bidhaa, ugumu unatokana na ukweli kwamba sheria imezigawa kasoro na kuziweka kwa vyombo tofauti. Ubora na usalama wa bidhaa kwa ujumla ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 limebeba pia chakula na vipodozi, vilivyokuwa awali chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mamlaka hiyo ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kubaki na dawa na vifaa vya tiba. Usahihi wa mizani, pampu za mafuta na ujazo wa vifungashio ni kazi ya Wakala wa Vipimo, ambao ndio pia wanaopambana na lumbesa, yaani ujazaji wa magunia kupita kipimo unaomnyonya mkulima. Bidhaa bandia, yaani zinazobeba alama ya mtengenezaji ambaye hakuzitengeneza, pamoja na matangazo ya kupotosha na mikataba kandamizi, ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

Mtungi wa gesi ya kupikia unaonyesha vizuri jinsi maeneo haya yanavyopandana. Mtungi ukiwa na gesi pungufu kuliko uzito ulioandikwa, Wakala wa Vipimo wana la kusema. Valvu ikiwa mbovu kiasi cha kuhatarisha maisha, suala linagusa viwango vya TBS. Na kwa kuwa biashara ya gesi ni ya leseni, mwenendo wa muuzaji unaihusu EWURA. Mlalamikaji hana sababu ya kuogopa uwingi huo wa vyombo, kwa sababu kila kimoja kinajibu swali lake, na jambo la muhimu ni kueleza katika barua kasoro moja inayohusu chombo kinachoandikiwa, badala ya kumwaga kila hasira katika barua moja inayosambazwa kila mahali. Barua iliyonakiliwa kwa ofisi kumi mara nyingi humfanya kila mpokeaji adhani kwamba mwingine analishughulikia.

Pale ambapo bidhaa au huduma haina mdhibiti wa kisekta, Tume ya Ushindani ndiyo kimbilio la jumla. Maneno yanayochapwa kwenye risiti nyingi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayafuti masharti ambayo Sheria ya Ushindani imeyaingiza katika mikataba ya walaji, likiwemo sharti kwamba kinachouzwa kiwe na ubora unaokifaa kwa matumizi yake ya kawaida. Udhaifu uliopo ni kwamba tume hiyo imebeba kazi mbili zenye uzito usiolingana, ya kuchunguza miungano ya kampuni kubwa na ya kumsikiliza aliyeuziwa friji bovu, na ni rahisi kwa kazi ya pili kumezwa na ya kwanza.

Fedha na mikopo ya mtandaoni

Hakuna eneo ambalo limewachanganya Watanzania katika miaka ya karibuni kama huduma za fedha kupitia simu, kwa sababu kampuni ile ile inatoa huduma mbili zenye wasimamizi wawili. Bando linaloisha kabla ya wakati au mtandao usiokamata ni suala la mawasiliano, hivyo linaihusu TCRA. Fedha zilizokatwa kimakosa katika pochi ya simu ni suala la mifumo ya malipo, ambayo inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Utapeli wa kutuma ujumbe wa kutaka fedha ni jinai, na ingawa namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kutuma taarifa kwenda 15040 ili ifungiwe, kumtafuta mhalifu na kurejesha fedha kunahitaji jalada la polisi. Kwa benki na taasisi nyingine za fedha, kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zimeweka ngazi mbili, ya taasisi yenyewe na ya Benki Kuu.

Katika mikopo midogo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilizipanga taasisi katika madaraja manne: zinazopokea amana, zisizopokea amana pamoja na wakopeshaji binafsi, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo yaani SACCOS, na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa. Madaraja mawili ya kwanza yanasimamiwa na Benki Kuu yenyewe, SACCOS kwa kukasimu husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi husimamiwa na serikali za mitaa. Mwanakikundi wa VICOBA aliyedhulumiwa akiba yake na mweka hazina hapotezi muda akianzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ilhali aliyenaswa na mkopo wa riba kubwa wa aina inayoitwa kausha damu anapaswa kwanza kujua kama mkopeshaji ana leseni ya daraja la pili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kuidhinishwa. Tabia ya baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo kuwatumia ndugu na marafiki wa mkopaji ujumbe wa kumdhalilisha ina chombo kingine mahsusi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, kwa kuwa namba za watu hao zilichukuliwa na kutumiwa kwa lengo ambalo wenyewe hawakuliridhia.

Malalamiko dhidi ya serikali

Malalamiko dhidi ya serikali yanahitaji kutenganishwa kwa aina ya kosa kabla ya kutafutiwa pa kwenda. Rushwa, ikiwemo rushwa ya ngono, ni ya TAKUKURU, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2007 na kupokea taarifa bila malipo kwa namba 113, na mtoa taarifa ana kinga ya Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Mgongano wa masilahi na matamko ya mali ya viongozi ni ya Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyo katika Ibara ya 132 ya Katiba. Utovu wa nidhamu wa mtumishi hupelekwa kwa mwajiri wake, ambaye ndiye mamlaka ya nidhamu. Mwenendo wa hakimu hupelekwa kwenye kamati za maadili za maofisa wa mahakama zilizoundwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, lakini makosa yaliyomo katika hukumu yenyewe hurekebishwa kwa rufaa tu; wakili naye hushtakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, na daktari mbele ya baraza la taaluma yake.

Ukiukwaji wa haki za binadamu na ukiukwaji wa misingi ya utawala bora, yaani matumizi mabaya ya madaraka, ucheleweshaji usio na sababu, upendeleo na uamuzi unaotolewa bila kumsikiliza mhusika, ni eneo la Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hii ina mizizi ya mbali, kwa kuwa ilirithi kazi za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyowekwa na Katiba ya Muda ya 1965 na kuanza kazi 1966, ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Tume ya sasa ilitokana na mabadiliko ya Katiba ya 2000 na sheria Namba 7 ya 2001. Haitozi ada na haihitaji wakili, lakini Katiba imeizuia kuchunguza jambo lililo mbele ya mahakama, jambo linalohusu uhusiano wa serikali na nchi za nje au mashirika ya kimataifa, na madaraka ya Rais ya kutoa msamaha.

Mpaka mkubwa zaidi wa tume hiyo ni kwamba inapendekeza, haiamuru. Shauri la wanakijiji 135 wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliohamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto mwaka 2001, linabaki kuwa somo kuu katika jambo hili. Tume ilichunguza na kuwapa haki wanakijiji hao, ikapendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa kuyatekeleza mapendekezo hayo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichowawakilisha, kikaenda mahakamani kuomba utekelezaji. Huko nako ilibidi kwanza kubishaniwa ni mahakama gani yenye uwezo wa kulisikiliza shauri, mpaka suala likafika Mahakama ya Rufani mwaka 2006. Wanakijiji walikuwa wameshinda juu ya ukweli wa tukio, lakini suala la chombo liliendelea kuwasubirisha kwa miaka.

Polisi wanastahili kutajwa peke yao. Tanzania haina chombo huru kilichoundwa mahsusi kuwachunguza polisi, hivyo mlalamikaji hutegemea mkuu wa polisi wa wilaya au kamanda wa mkoa, ambao ni wakubwa wa yule anayelalamikiwa, au Tume ya Haki za Binadamu. Kenya, kwa sheria ya 2011, iliunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi inayosimamiwa na watu wasio polisi, sambamba na tume nyingine ya malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Kutenganisha mchunguzi na mchunguzwaji ni jambo ambalo Tanzania haina sababu ya kuendelea kuliahirisha.

Migogoro yenye njia zake na saa zake

Zipo aina za migogoro ambazo sheria imezijengea njia maalumu, na anayekwenda pembeni ya njia hizo hurudishwa. Katika ajira ya sekta binafsi, aliyeachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, analazimika kwanza kumaliza ngazi za rufaa za utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kutafuta nafuu za kisheria za kazi. Katika ardhi, marekebisho ya 2021 yaliliondolea Baraza la Kata uwezo wa kuamua na kuliachia upatanishi, kwa hiyo shauri huamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya baada ya upatanishi wa kata kushindikana. Katika kodi, pingamizi dhidi ya makadirio huwekwa ndani ya siku 30, likiambatana na malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ya kiasi kisichobishaniwa, kwa kufuata kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu akipunguza au kusamehe sharti hilo. Asiyeridhika huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi.

Mahakama nazo zina saa zake. Anayetaka Mahakama Kuu ifute uamuzi wa ofisi ya umma kwa njia ya mapitio ya kimahakama, yaani ukaguzi wa uhalali wa namna uamuzi ulivyofikiwa, anatakiwa kuomba kibali ndani ya miezi sita. Anayetaka kuishtaki serikali kwa madai anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, sharti ambalo tangu 2020 linahusu pia serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma. Muda huu haumsubiri mtu kwa sababu tu alikuwa akizunguka katika ofisi zisizo na mamlaka, na hapo ndipo madhara ya kukosea chombo yanapokuwa makubwa zaidi: kosa la mwelekeo hugeuka kuwa kupotea kwa haki yenyewe.

Bara, Zanzibar na Muungano

Muundo wa Muungano unaongeza tabaka jingine. Mambo yaliyo katika orodha ya Muungano, kama vile benki, simu, usafiri wa anga na polisi, yana chombo kimoja kwa pande zote mbili, ilhali mambo yasiyo ya Muungano yana vyombo viwili visivyoingiliana. Mkazi wa Unguja anayelalamikia bando anakwenda TCRA kama mkazi wa Mwanza, lakini anapolalamikia maji, umeme au bei ya mafuta anakwenda kwa mdhibiti wa Zanzibar, ZURA, si EWURA. Anapokuta bidhaa isiyo na viwango anakwenda Taasisi ya Viwango Zanzibar. Na rushwa inayohusu taasisi za Serikali ya Mapinduzi ina mamlaka yake. Mnunuzi wa Pemba aliyenunua bidhaa Kariakoo anapaswa kutazama mahali muamala ulipofanyika, kwa maana sheria ya ulaji ya Bara haivuki bahari pamoja na mzigo.

Kwa nini watu hukimbilia mkutano wa hadhara

Kwa kuzingatia ugumu huu, haishangazi kwamba wananchi wengi hupendelea kumsubiri mkuu wa wilaya, waziri au Rais ziarani na kuinua bango. Njia hii ina mantiki yake, kwa sababu kiongozi mmoja mwenye sauti anaweza kuziamuru ofisi tano kukaa meza moja, jambo ambalo mlalamikaji peke yake hawezi kulifanya. Hata hivyo ina kasoro tatu ambazo haziwezi kupuuzwa. Agizo la jukwaani halina jalada wala ngazi ya rufaa. Upande wa pili mara nyingi husikilizwa kwa dakika chache au hausikilizwi kabisa. Na kiongozi wa kisiasa hana uwezo wa kubatilisha hukumu ya mahakama, hivyo mwenye shauri la ardhi lililokwisha kuamuliwa huondoka na ahadi isiyoweza kutekelezeka huku siku za rufaa zikiyoyoma. Mkutano wa hadhara unafaa kufichua ofisi iliyolala, lakini haufai kuwa mahali pa kuamulia haki za watu.

Mzigo unapaswa kubebwa na nani

Katika yote yaliyochambuliwa, mwananchi anatakiwa kujua mgawanyo wa mamlaka ambao hata watumishi wengi hawaujui. Elimu kwa umma inasaidia, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanafanya kazi kubwa ya kuwaelekeza watu vijijini, kama ambavyo mfumo wa kielektroniki wa e-Mrejesho umerahisisha kuifikia serikali bila kusafiri. Lakini elimu haiwezi kuwa jibu kamili la tatizo lililotengenezwa na mpangilio wa taasisi, kwa kuwa waliogawanya mamlaka hayo ni serikali na Bunge, si mteja wa maji wala mkulima wa viazi.

Jibu linalostahili ni kulifanya kuwa wajibu wa kisheria kwa kila ofisi ya umma inayopokea lalamiko lisiloihusu kulipeleka yenyewe kwa chombo kinachohusika, kumpa mlalamikaji hati ya uhamisho yenye tarehe, na tarehe ya lalamiko la kwanza kuhesabiwa kama siku ya kufika kwenye chombo sahihi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa linaondoa adhabu ya kupoteza muda ambayo leo inamwangukia asiye na wakili. Halihitaji tume mpya wala majengo mapya. Linahitaji kifungu katika sheria, rejesta zinazosomana na usimamizi wa kweli. Mpaka sharti hilo litakapowekwa, mlalamikaji atalindwa na mpangilio wa hatua zake mwenyewe: kuandika mapema, kutunza kumbukumbu, kuamua nafuu anayoitaka kabla ya kuchagua ofisi, na kuuliza katika kila ofisi anayoingia, kabla ya kueleza kisa chake chote, kama ofisi hiyo ina uwezo wa kisheria wa kumpa nafuu hiyo.